Kukaza shokapu za nyuma: springi haiwi ngumu, pikipiki ndiyo inayonyanyuka

Uliza kwenye kijiwe chochote cha bodaboda hapa Mbeya, Mwanjelwa, Uyole au Mbalizi, kukaza shokapu maana yake nini. Utajibiwa palepale: ni kuzifanya ngumu ili zibebe mzigo. Jibu hilo nimeliamini miaka mingi, na wapo mafundi wazuri wanaolisema hadi leo. Kosa lake ni dogo kwa maneno, lakini barabarani ni kubwa, kwa sababu anayeliamini hukaza siku isiyofaa, huacha kukaza siku inayofaa, na anayeumia mgongo ni abiria.

Shokapu moja ina kazi mbili ndani yake. Ipo springi, ambayo kazi yake ni kubeba. Halafu katikati ya springi kuna silinda yenye oili na pistoni, ambayo kazi yake ni kutuliza, ili springi ikishabonyea irudi kwa utaratibu, isirushe watu. Unapokaza shokapu ya kawaida ya Boxer, TVS au Haojue, oili huigusi kabisa. Unachogusa ni ile pete ya chuma inayokalia ncha ya springi, iliyochongwa kama ngazi, mara nyingi ngazi tano. Ukiizungusha, inapanda ngazi moja na kuisukuma springi kidogo. Springi inakuwa imeminywa kabla hata mtu hajapanda. Kwenye vitabu vya pikipiki mminyo huo wa kabla ya safari huitwa prilodi, na maana yake ni hiyo tu.

Sasa tazama kinachotokea. Chukua springi inayohitaji kilo 10 ili ifupike sentimita 1. Iminye kwanza au usiiminye, kila sentimita inayofuata itadai kilo 10 zilezile. Chuma hakijabadilika. Mkipanda wewe na abiria wako, springi itafupika mpaka ifike urefu unaotosha kuwabeba, na urefu huo ni uleule kabla ya kukaza na baada ya kukaza, maana kilo zenu hazijapungua. Kilichobadilika ni pale springi ilipokalia. Pete ikipanda sentimita 1, springi yote imepanda nayo, na pikipiki inasimama juu zaidi kwa kiasi hicho. Ni kama mtu aliyepanda juu ya tofali: hajarefuka, ila kichwa chake kimesogea juu.

Kwa hiyo kukaza shokapu ni kurudisha kimo ambacho mzigo umekiteka. Na kimo hicho kina thamani gani? Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Gurudumu la nyuma la pikipiki hizi lina safari ya kama sentimita 10, kuanzia linaponing'inia mpaka mpira wa ndani wa shokapu unapogota. Watu wengi wanadhani safari yote hiyo ni ya kupanda tu, jiwe linapokuja. Lakini barabara zetu zina mashimo kuliko mawe. Gurudumu linapofika kwenye shimo linatakiwa kushuka, lifuate ardhi, lisiachie. Likiachia, kwa dakika hiyo huna breki ya nyuma wala huna mvuto, na likitua upande wa pili linatua kwa kishindo. Kwa hiyo pikipiki iliyokaa sawa hutakiwa kuzama kidogo kwa uzito wa wanaoipanda, ili gurudumu libaki na akiba mbili: ya kushuka kwenye shimo na ya kupanda kwenye jiwe. Mafundi wa pikipiki wengi duniani hukubaliana kwamba kuzama huko kuwe karibu theluthi moja ya safari yote. Kwa sentimita 10, hiyo ni 3 hadi 3.5.

Abiria anaharibu hesabu hiyo kuliko mtu anavyofikiri, kwa sababu ya mahali anapokaa. Dereva amekaa katikati, uzito wake unagawanyika mbele na nyuma. Abiria amekaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wake inakwenda moja kwa moja kwenye shokapu. Gunia likifungwa kwenye keria, nyuma ya ekseli, ni zaidi ya hapo: linakandamiza nyuma na wakati huohuo linanyanyua mbele.

Nilipoanza kupima badala ya kukisia, nilishangaa. Kupima hakuhitaji gereji. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Bandika kipande cha selotepu kwenye bodi, juu ya nati ya ekseli, kisha pima kwa tepu kutoka kwenye nati hadi kwenye alama, wima. Tuseme umepata sentimita 50. Ishushe chini, ipande, mtu mwingine akushikie isilale, na wa tatu apime tena. Peke yako unaweza kupata 47: umezama 3, sawa kabisa. Mpandishe abiria mwenye kilo 75, pima tena. Ukikuta 45, maana yake nusu nzima ya safari imeliwa mkiwa mmesimama tu, hamjakutana na jiwe hata moja. Zimebaki sentimita 5 za kupambana na barabara yote.

Na barabara zenyewe tunazijua. Panda kutoka Mbalizi kuelekea Ilembo kule Umalila, au kata kutoka Isyonje kwenda Kitulo, ambako unafika kimo cha mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Udongo wa huku asili yake ni majivu ya volkano, ya Rungwe na milima jirani. Kiangazi unageuka vumbi jepesi linalojaa mashimo mpaka juu, ukadhani ni tambarare. Masika unateleza kama sabuni, na maji yanachimba makorongo katikati ya njia. Safari moja nilimpeleka shangazi yangu kijijini baada ya kutoka hospitali, shokapu zikiwa kwenye ngazi ya kwanza, kwa sababu niliona ngazi ya kwanza ndiyo laini na mgonjwa anahitaji ulaini. Kila tuta mpira wa ndani uligota, paa, na kila mgoto ulikwenda kwenye kiuno chake. Hakulalamika. Alikuwa ananishika tu bega kwa nguvu zaidi. Baadaye, nilipojifunza kupima kwa selotepu, nikaelewa nilichomfanyia: ulaini ule haukuwepo tena tangu alipopanda, tulikuwa tunakwenda kwenye gogo.

Hilo ndilo linalowachanganya wengi. Ukikaza ngazi mbili tatu ukiwa na abiria, pikipiki inakuwa nyororo zaidi kwenye mashimo, kwa sababu imepata tena nafasi ya kubonyea. Ukiiacha imekazwa hivyohivyo ukarudi peke yako, inakuwa kama jiwe. Ndiyo maana watu wanasema imekuwa ngumu. Ukweli ni kwamba uzito wako pekee hautoshi kuishusha, inakaa juu kabisa mwisho wa safari yake, na tuta dogo halina nguvu ya kuanza kuibonyeza. Ukipita kwenye rasta za lami gurudumu linadunda, na kwenye shimo halina akiba ya kushuka. Kwa hiyo ngazi inayofaa na abiria haifai bila abiria. Anayebeba watu siku nzima ana haki ya kuiacha ngazi ya abiria, maana muda mwingi yuko na mtu. Anayebeba mke wake Jumapili tu aizungushe Jumapili, na Jumatatu airudishe.

Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Pikipiki mpya huja na spana yenye ncha kama ndoano, ambayo wengi huipoteza mwezi wa kwanza. Itafute, au nunua nyingine. Usikubali fundi apige pete kwa tindo na nyundo, kwa sababu akishavunja kingo za ngazi, shokapu hiyo haitakazika tena maisha. Safisha tope kwanza kwa maji na brashi, hasa ukitoka Tukuyu au Busokelo ambako mvua haikauki, weka tone la oili, kisha zungusha pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa. Pande zote mbili ziwe ngazi moja. Kushoto ya pili na kulia ya nne ni kuupinda ule mkono unaoshika gurudumu, na bushi zake zitakufa mapema. Halafu pima upya. Kila ngazi inanyanyua milimita chache tu, kwa hiyo usitarajie miujiza: pengine kutoka kuzama sentimita 5 utarudi 4 au 3.5. Kwa watu wawili, 4 inavumilika.

Ukifika ngazi ya mwisho na bado unazama nusu ya safari, basi springi yenyewe ni dhaifu kwa mzigo huo, au imechoka. Hapo kukaza kumemaliza kazi yake. Kunatakiwa springi nyingine yenye chuma kinene zaidi, au mzigo upungue. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na mshikaki wa watu watatu hauna ngazi ya shokapu inayouweza. Nimeona pia vijana wanaochomeka vipande vya tairi la gari katikati ya springi. Naelewa kwa nini, springi mpya ni pesa. Lakini kipande kile kinaziba safari, gurudumu linagota mapema, na nguvu yote inahamia kwenye fremu na kwenye maungio yake. Pikipiki nyingine, kama baadhi ya Boxer, zimetengenezwa na springi mbili, moja ndani ya nyingine, ili ya pili isaidie mzigo ukiwa mzito. Hizo zinahimili zaidi, ila hesabu ya kuzama ni ileile.

Na kuna ugonjwa ambao kukaza hakuutibu kabisa, wakati mwingine kunauzidisha. Shika keria, kandamiza nyuma kwa nguvu, achia. Pikipiki inatakiwa ipande mara moja na itulie. Ikinesa mara mbili, tatu, au ukiona oili imelowanisha silinda na vumbi limegandia hapo, shokapu imekufa upande wa kutuliza. Springi inaendelea kubeba, hivyo mwenye pikipiki anaona bado nzima. Ukimkazia shokapu ya namna hiyo, springi inarudi juu bila kizuizi, na abiria anarushwa kutoka kwenye siti. Sili na oili vibadilishwe kama shokapu inafunguka. Kama haifunguki, ni jozi mpya. Moja peke yake haitoshi.

Utajuaje bila tepu kwamba nyuma imezama mno? Usiku taa itakueleza kabla ya mgongo: mwanga unapanda kwenye miti, na wanaokuja mbele yako wanakuwashia kulalamika. Mchana, usukani unakuwa mwepesi wa ajabu kwenye mlima, na kwenye kona pikipiki inachelewa kuingia, kwa sababu nyuma ikishuka mbele inanyooka kwenda nje na uzito unaondoka kwenye tairi la mbele. Kwenye mteremko kama wa kushuka kutoka Isyonje kwenda Tukuyu, hilo si jambo la kufanyia majaribio.

Cheni nayo inabadilika. Inakaza zaidi pale ekseli, sproketi ya mbele na kiungo cha ule mkono wa nyuma vinapokuwa kwenye mstari mmoja, na pikipiki yenye abiria iko karibu zaidi na mstari huo. Cheni uliyoikaza vizuri ikiwa tupu inaweza kuwa imevutika kama uzi wa gitaa mkiwa wawili, ikala beringi na sproketi. Ikague abiria akiwa amekaa: lazima ibaki na uchezi kidogo katikati. Upepo wa tairi nao uongezwe. Kwenye kibandiko cha pikipiki nyingi za daraja hili utakuta psi 28 nyuma ukiwa peke yako na karibu 32 ukiwa na abiria, ila soma cha kwako. Wanaopunguza upepo ili kupata ulaini kwenye changarawe wanaomba tairi lifanye kazi ya shokapu, na ringi ndiyo inayopinda.

Baada ya hapo mwambie abiria asogee mbele, akukaribie, magoti yakubane. Hizo sentimita chache za kusogea zinamtoa juu ya ekseli, na yeye mwenyewe ataona tofauti kwenye tuta la kwanza. Shangazi yangu siku hizi nikimbeba nasimama kwanza kwa jirani mwenye sakafu nzuri ya zege, nazungusha pete kutoka ngazi ya pili hadi ya nne, kushoto na kulia, ndipo namwambia apande.