Namba ya oksidisho ya metali: dhana potofu na ukweli

Kwanza tuelewane: Kiswahili huita metali nyingi «chuma». Hapa chuma ni Fe peke yake. Na namba ya oksidisho ni chaji ambayo atomu ingekuwa nayo kama elektroni za kila kifungo zingehesabiwa kuwa za atomu inayozivuta zaidi.

Dhana: namba ndogo ya chini ndiyo namba ya oksidisho.
Katika Fe₂O₃, hiyo 2 inahesabu atomu, basi. Anza na unachokijua: oksijeni ni −2, ziko tatu, jumla −6. Kampaundi haina chaji, kwa hiyo atomu mbili za chuma zinagawana +6, kila moja +3. Cu₂O ndiyo hunasa wengi. Shaba ina 2 chini yake, ilhali namba yake ni +1. Ndiyo maana huitwa shaba(I) oksaidi.

Dhana: kila metali ina namba moja tu.
Kwa sodiamu (+1), kalsiamu (+2), alumini (+3) na zinki ya mabati (+2), haya, tukubali. Katika kampaundi za darasani hazibadiliki. Chuma huwa +2 au +3. Magamba meusi yanayodondoka chuma chekundu kinapofuliwa, kama kwa mafundi wa jua kali kule Kamukunji, Nairobi, yana Fe₃O₄. Ukipiga hesabu unapata +8/3, unafuta ukidhani umekosea. Usifute: huo ni wastani wa atomu moja ya +2 na mbili za +3.

Dhana: oksijeni haikosi kuwa −2.
Linganisha MnO₂ na BaO₂. Fomula zinafanana, lakini manganizi ni +4 na bari ni +2. Bari iko kundi la pili la jedwali la elementi, haina elektroni nne za kutoa. BaO₂ ni peroksidi, na kila oksijeni humo ni −1. Asidi ya salfuriki iliyozimuliwa ikiwekwa kwenye BaO₂ hutoa haidrojeni peroksidi. MnO₂ haifanyi hivyo.

Dhana: rangi ikibadilika, namba imebadilika.
Kromati ya njano ikitiwa asidi huwa dikromati ya rangi ya chungwa. Kromi ni +6 kabla na +6 baadaye.

Dhana: +7 ni ioni yenye chaji saba.
Hakuna ioni ya Mn⁷⁺ inayoelea kwenye chupa ya KMnO₄ (potasiamu pamanganeti). Manganizi imeshikana na oksijeni nne kwa kushirikiana elektroni; +7 ni hesabu ya daftari tu: +1 ya potasiamu, −8 ya oksijeni, kilichobaki ni +7. Lakini daftari hilo lina kazi. Katika asidi, manganizi hushuka kutoka +7 hadi +2, yaani elektroni tano, na kila Fe²⁺ hutoa moja. Kwa hiyo 25 cm³ za Fe²⁺ ya 0.1 M (moli kwa lita) humaliza 25 cm³ za KMnO₄ ya 0.02 M.

Katika kipimo hiki, KMnO₄ hudondoshwa kutoka bureti (mrija wenye alama za ujazo) hadi kwenye flaski yenye Fe²⁺ na asidi. Asidi ikipungua, manganizi huishia +4, mashapo ya kahawia ya MnO₂ hutokea kwenye flaski, na bureti husoma zaidi ya inavyopaswa. Tumia salfuriki iliyozimuliwa. Haidrokloriki hula KMnO₄ kwa kugeuza kloridi yake kuwa klorini, kwa hiyo kipimo huzidi. Nitriki hupandisha Fe²⁺ kuwa Fe³⁺ kabla hujafungua bureti, nacho kipimo hupungua.