Heksa asilimia 100 sio cheti cha meshi nzuri

Wiki iliyopita nimeletewa tena ripoti ya braketi ya kreni na ukurasa wa kwanza kabisa umeandikwa "meshi ni heksa asilimia 100, haina tetra hata moja", yaani kama vile hilo ndo jibu lenyewe. (Kwa mgeni: meshi ni kukigawa kifaa kwenye kompyuta kuwa vipande vidogo, elementi, ili programu ikokotoe nguvu zilizo ndani yake; heksa ni kipande cha umbo la tofali, tetra ni cha nyuso nne za pembetatu, na nodi ni pointi zinazoshikilia kipande, kwenye kona na wakati mwingine katikati ya kingo.) Kijana aliyeifanya ni mchapakazi kweli na namkubali, amekaa siku nne anakatakata jiometri ili kila kipande kikubali heksa. Nikamuuliza, mdogo wangu, kwenye unene wa pleti umeweka elementi ngapi? Moja. Za nodi ngapi? Nane. Na pale kwenye kona? "Hapo zimelala kidogo injinia, hazijanyooka kama tofali, ila bado ni heksa."

Basi leo naandika maana haya nimeyasikia miaka mingi mno.

Hii habari ya kwamba pembetatu ni mbaya haikuanza hewani. Pembetatu ya nodi tatu inabeba strein (kiasi cha kuvutika au kubanwa) moja tu ndani yake yote, na tetra ya nodi nne ni hivyohivyo. Sasa boriti ikipinda juu kunavutwa chini kunabanwa, elementi ya namna hiyo itaonyeshaje? Haiwezi, inakakamaa, defleksheni (umbali inaoshuka ikipinda) inatoka ndogo na stresi (nguvu kwa kila eneo la ndani) nayo inatoka ndogo, na hapo ndo hatari ilipo. Kwenye kupinda usiitumie, hilo sibishani na mtu. Ila kosa hapo ni la uchache wa nodi, sio la umbo! Tetra ya nodi 10 strein yake inabadilika ndani ya elementi kwa mstari, kupinda inakuona vizuri tu. Hizo ni elementi mbili tofauti kabisa na watu wanazihukumu pamoja kwa sababu kwenye skrini zinafanana.

Sasa tuje kwa heksa yenyewe maana hapa ndo panaponiuma. Chukua ndugu yake wa 2D, pembenne ya nodi nne, intigresheni kamili (programu inapima strein kwenye pointi nne ndani yake), rashio ya Poisson (kiasi cha kusinyaa upana kitu kikivutwa) 0.3, weka moja kwenye kina chote cha boriti halafu ipinde kwa momenti tupu, yaani kupinda bila mzigo mwingine. Ikiwa mraba kamili, ule ambao kila kipimo cha ubora kwenye programu kinaupa alama zote, inakuwa ngumu mara 1.48 ya boriti halisi. Ivute urefu ufike mara 10 ya kina, ugumu unafika karibu mara 40. Sio karibu asilimia 40 jamani, mara 40. Sababu ni kwamba kingo zake hazijui kupinda, zinabaki zimenyooka, kwahiyo elementi inazalisha shia (tabaka kuteleza juu ya tabaka) ambayo kwenye boriti haipo na shia hiyo inakula nishati. Hesabu yake haijai ukurasa mmoja, kaa na kalamu uifanye mwenyewe mara moja tu na hutarudi kuniambia habari ya heksa asilimia 100.

Najua utasema programu zina dawa. Zinazo. Moja ni kupunguza pointi za intigresheni ibaki moja katikati, lakini kama una elementi moja kwenye unene basi hiyo pointi imekaa pale ambapo strein ya kupinda ni sifuri, elementi haioni chochote na inaanza kupiga zigizaga bila kudai nguvu. Dawa nyingine ni kuiongezea mienendo ya ndani ili ijifunze kupinda, hiyo ni nzuri sana na mimi naitumia kila siku, ila inafanya kazi elementi ikiwa mstatili. Ikilala je? 1985 MacNeal na Harder walichapisha seti ya majaribio, mojawapo ni boriti nyembamba ya elementi sita. Elementi ya nodi nne waliyoipima ilitoa kama asilimia 90 ya defleksheni sahihi ikiwa mistatili, boriti ileile ikagawanywa kwa trapeza ikatoa chini ya asilimia 10. Na 1987 MacNeal akathibitisha kwamba trapeza ya nodi nne haiwezi kupita jaribio la pachi (la kuona kama elementi zinatoa stresi sawa pale inapotakiwa kuwa sawa) na hapohapo ikwepe kukakamaa, kwahiyo usisubiri toleo jipya la programu lije likuokoe.

Hizo "zimelala kidogo" za kwenye kona ndo trapeza zenyewe, na kwenye kona ndiko stresi ilikokaa.

Anayeona hizi ni nadharia asome habari za Sleipner A, jukwaa la zege lililozama karibu na Stavanger, Norwei, tarehe 23 Agosti 1991. Pale kuta za seli zilipokutana elementi zilikuwa chache na umbo baya, nguvu za shia zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47, uimarishaji wa nondo nao haukutosha, ukuta ukapasuka.

Kuhusu urefu wa elementi kwa upana wake, mimi nimezoea kutovuka 5 na kiukweli hiyo namba sina hesabu ya kuitetea, ni mazoea. Sehemu ambayo stresi haibadiliki upande mmoja nimeshaweka 20 na majibu hayakutikisika.

Ile braketi niliifanya upya kwa tetra za nodi 10, meshi otomatiki, asubuhi moja. Yeye kwenye kona alipata stresi ya MPa 118, mimi nikapata 164, nikapunguza saizi ya elementi nusu ikaja 171, nusu tena 173, nikaishia hapo. Kilichonisumbua ni kwenye pini, presha ya mgusano ilitoka na madoadoa, kwa sababu uso wa pembetatu ya nodi sita ukibebeshwa presha sawa, nodi za kona zinapata nguvu sifuri na mzigo wote unaenda nodi za katikati. Kuna programu zinalishughulikia hilo vizuri na kuna ambazo bado. Kwahiyo pini tu, na ukanda wa pleti unaoizunguka, nimerudisha heksa zake, nne kwenye unene.