Ithibati ya programu za teknolojia ya viwanda: nani anathibitisha, na anathibitisha nini

Mwanafunzi akiuliza kama masomo yake yana ithibati, mara nyingi hujibiwa, "Chuo chetu kina ithibati." Jibu hilo laweza kuwa la kweli kabisa na bado likamwacha gizani. Chuo ni kitu kimoja, programu anayoisoma ni kitu kingine, na kila kimoja hukaguliwa kwa njia yake. Katika teknolojia ya viwanda tofauti hiyo si ya kupuuza, maana mhitimu wake atakabidhiwa mashine zenye nguvu na watu wanaozizunguka.

Neno ithibati tumelipata kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa thabiti na thibitisha. Linapotumika kwa programu ya chuo, lina maana ya tamko la chombo cha nje kwamba kimeikagua programu hiyo kwa vigezo vilivyoandikwa na kutangazwa, kikaona inavitimiza, na kwamba tamko hilo linashika kwa kipindi maalumu. Hakuna sehemu ya maelezo hayo inayoweza kuachwa. Chuo kikijisifu chenyewe, hiyo si ithibati. Wakaguzi wakija bila vigezo vilivyotangazwa, hayo ni maoni yao tu. Na tamko lisilo na mwisho halimsaidii mtu, kwa sababu mashine huchakaa, walimu huhama, na mtaala uliokuwa bora jana huachwa nyuma na viwanda.

Hapa watu huchanganya mambo matatu. Usajili, au leseni, ni ruhusa ya serikali kwa chuo kufungua milango na kufundisha. Ithibati ni hukumu juu ya ubora wa kinachofundishwa. Kisha kuna cheti cha umahiri, ambacho hupewa mtu mmoja mmoja, kama mchomeleaji aliyefanya mtihani wa kuchomelea bomba na kufaulu. Mtu anaweza kuwa na cheti cha umahiri bila kupita chuo chenye ithibati, na anaweza kuhitimu programu yenye ithibati bila kuwa na cheti hicho. Neno ithibati hutumika pia kwa maabara za vipimo, ambazo hukaguliwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025. Hilo ni jambo jingine, ingawa mantiki yake ni ileile.

Sasa, teknolojia ya viwanda yenyewe ni nini? Ni fani inayokaa kati ya uhandisi na uendeshaji wa kiwanda. Mhandisi hufundishwa zaidi kubuni kwa kuanzia kanuni za hisabati na fizikia. Mwanateknolojia wa viwanda hufundishwa kuifanya mitambo, watu na malighafi vitoe bidhaa iliyo sawa leo na kesho: michakato ya uzalishaji, udhibiti wa ubora, mifumo inayojiendesha, usalama kazini, ratiba na gharama. Nchini Marekani, ambako jina hili lilipata umbo lake la sasa, sehemu kubwa ya programu hizi ilikulia katika idara zilizokuwa zikiwaandaa walimu wa masomo ya ufundi. Baadaye viwanda vikawahitaji wahitimu walewale, lakini kwa kazi ya karakana na usimamizi badala ya darasa.

Kukaa huko katikati ndiko kulikoleta tabu ya ithibati. Mwaka 1932 wahandisi wa Marekani walianzisha baraza la maendeleo ya taaluma yao, na ndilo lililokuja kuitwa ABET. Mwaka 1936 baraza hilo lilianza kukagua programu za uhandisi, na mwaka 1946 likaongeza zile za teknolojia ya uhandisi. Programu za teknolojia ya viwanda hazikuwa zikikaa vizuri katika vipimo hivyo. Zilikuwa na usimamizi mwingi kuliko uhandisi ulivyotaka, na hisabati yake ya juu ilikuwa pungufu ya iliyotakiwa. Mwaka 1967 walimu wa fani hii walianzisha chama chao, NAIT, nacho kikaja kuwa na vigezo vyake na wakaguzi wake. Tangu mwaka 2009 chama hicho kinaitwa ATMAE. Mimi naona walifanya jambo la haki. Ukiipima programu kwa rula iliyotengenezewa programu nyingine, utaishia kuiharibu ili ifanane na rula.

Ndiyo maana majina yanayokaribiana yasikudanganye. Kwa Kiswahili tunaweza kusema uhandisi wa viwanda, teknolojia ya uhandisi wa viwanda na teknolojia ya viwanda, na msikilizaji asione tofauti. Kwa mkaguzi hizo ni programu tatu. Shahada ya uhandisi chini ya ABET hudai walau krediti 30 za muhula (vizio vya kupimia uzito wa masomo) za hisabati na sayansi, na krediti 45 za masomo ya uhandisi. Shahada ya teknolojia ya uhandisi hukaguliwa na kamisheni nyingine (jopo la uamuzi) ya ABET hiyohiyo, inayotaka hisabati iliyovuka aljebra na trigonometria, lakini inakaza zaidi matumizi. Teknolojia ya viwanda yenye sura ya usimamizi mara nyingi huelekea ATMAE. Mhitimu wa moja hawezi kudai ithibati ya nyingine kwa sababu tu zinafundishwa katika jengo moja.

Wakaguzi huangalia nini hasa? Vigezo vya ABET vya jumla ni vinane: wanafunzi, malengo ya programu, umahiri unaotarajiwa kwa mhitimu, uboreshaji endelevu, mtaala, walimu, karakana na vifaa, na msaada wa chuo. Vingi kati ya hivyo mtu yeyote angeweza kuvikisia. Kwa programu za teknolojia ya uhandisi, kigezo cha mtaala kinadai pia kamati ya ushauri yenye watu wanaotoka kule wahitimu wanakokwenda kufanya kazi, ili mtaala usiandikwe na walimu peke yao. Lakini moyo wa kazi yote uko katika kigezo cha nne, uboreshaji endelevu, na hicho ndicho wengi hawakielewi.

Chukua mfano huu. Programu inasema mhitimu wake ataweza kukereza na kupima kifaa kwa usahihi unaotakiwa na mchoro. Mwalimu anatoa kazi: kereza mhimili wa kipenyo cha milimita 25, kosa lisizidi milimita 0.02 juu au chini. Wanafunzi wanamaliza, wanapima, wanaandika kwamba mihimili yao ni sahihi. Mwalimu anaipima tena na kukuta mingi imetoka nje ya mpaka. Mwalimu mvivu angekata alama na kuendelea. Programu inayojikagua huuliza kwa nini. Inagundua kwamba wanafunzi walitumia kalipa ya vernia inayosoma hadi milimita 0.05, chombo ambacho hakina uwezo wa kuhukumu kosa la 0.02. Mikromita, vyombo vya kupimia kwa usahihi zaidi, zilikuwepo, lakini somo la vipimo limepangwa muhula unaofuata. Mikono ya wanafunzi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ratiba ya masomo. Kwa hiyo somo la vipimo linahamishwa lifundishwe kabla ya kazi hiyo, jambo hilo linaandikwa, na kundi la mwaka unaofuata linapewa kazi ileile ili ionekane kama kuna kilichobadilika.

Kupima, kuuliza, kurekebisha, kupima tena. Mkaguzi anatafuta mzunguko huo. Hatarajii programu isiyo na dosari, na ikiletwa mbele yake ripoti isiyotaja dosari hata moja ana sababu ya kuitilia shaka. Anataka kuona kwamba dosari hugunduliwa na walimu wenyewe kabla hajafika yeye.

Safari yenyewe huanza na ripoti ya kujitathmini, ambayo walimu huiandika kwa miezi mingi. Wanaeleza kila kigezo na kuambatanisha ushahidi: mitaala, sifa za walimu, mifano ya kazi za wanafunzi, zile nzuri na zile mbovu. Programu haiwezi kuomba ikiwa bado haijatoa mhitimu hata mmoja, kwa sababu ithibati hutolewa kwa kazi iliyofanyika, si kwa mipango. Kisha timu inakuja chuoni. Kwa ABET kawaida ni kuanzia Jumapili hadi Jumanne, na wakaguzi ni wanataaluma na watu wa viwandani wanaofanya kazi hiyo kwa kujitolea.

Ukimfuata mkaguzi mzuri ndani ya karakana utajifunza mengi. Hatazami tu ukubwa wa jengo. Anafungua droo ya mikromita na kusoma stika ya tarehe ya mwisho ya uhakiki wa vipimo. Anaangalia kama kitufe chekundu cha kuzima mashine ya kukereza kinafikika kwa mkono wa anayeifanyia kazi, au kimezibwa na kabati. Anamwendea mwanafunzi aliye mbali na mwalimu na kumuuliza, "Hapa ukikatwa unafanya nini kwanza?" Jibu la mwanafunzi huyo lina uzito ambao ukurasa mzima wa ripoti hauna.

Siku ya mwisho timu husoma kwa sauti ilichokiona, mbele ya uongozi wa chuo. Kasoro zina ngazi. Ya juu kabisa ni pale kigezo kisipotimizwa kabisa. Ya kati, iitwayo udhaifu, ni pale kigezo kinapotimizwa kwa ulegevu, kiasi kwamba hakuna uhakika wa kesho. Ya chini ni angalizo: leo mambo yako sawa, lakini kuna dalili, kwa mfano somo zima linategemea mwalimu mmoja anayekaribia kustaafu. Timu yenyewe haitoi uamuzi. Chuo hupewa siku saba kusahihisha makosa ya taarifa, kisha baada ya rasimu ya ripoti hupewa siku 30 za kujibu, na kamisheni nzima hupiga kura. Programu iliyo imara hupewa miaka sita hadi ukaguzi mwingine. Yenye udhaifu hupewa miwili, ikiwa na deni la kuonyesha imerekebisha nini.

Kwa kufuata njia hiyo chuo hakipati cheo. ABET haipangi programu kwa kwanza na pili. Imetimiza au haijatimiza. Kwa hiyo tangazo linalosema "ithibati ya daraja la juu kabisa" likuamshe.

Faida kwa mhitimu ziko za moja kwa moja. Waajiri wengine hawasomi ombi la kazi lisilo na programu inayotambulika. Mhitimu anayetaka kuendelea na shahada ya juu hupokelewa kwa maswali machache. Na kuna mikataba ya nchi na nchi ya kutambuana: Mkataba wa Washington wa mwaka 1989 kwa wahandisi, wa Sydney wa 2001 kwa wanateknolojia wa uhandisi, na wa Dublin wa 2002 kwa mafundi sanifu. Nchi zilizo ndani ya mkataba hukubaliana kwamba ukaguzi wa mmoja unalingana na wa mwingine. Mikataba hiyo haikupi leseni ya kufanya kazi ugenini. Inakuondolea tu mzigo wa kuthibitisha upya kwamba ulisoma. Tena haigusi kila ithibati. Programu ya teknolojia ya viwanda iliyokaguliwa nje ya mfumo huo haibebwi na Mkataba wa Sydney, hata ikiwa ni nzuri sana.

Swali linalobaki ni nani anamkagua mkaguzi. Nchini Marekani kuna ngazi nyingine juu: CHEA, baraza lililoanzishwa mwaka 1996, pamoja na wizara ya elimu, huvitambua vyombo vya ithibati. Ngazi hiyo ipo kwa sababu nzito. Wauzaji wa vyeti bandia walishagundua kwamba ni rahisi kubuni chuo, na ni rahisi zaidi kubuni chombo cha kukipa ithibati chuo hicho. Majina yao huwa makubwa, yenye "kimataifa" na "baraza" ndani yake, na tovuti zao huvutia.

Kwa hiyo usianzie kwa chuo. Anzia kwa chombo cha ithibati: je, kinatambuliwa na mamlaka iliyo juu yake? Kikitambuliwa, ingia kwenye orodha yake chenyewe na utafute programu yako kwa jina kamili, ngazi yake, na kampasi unayokwenda kusoma, maana chuo chenye kampasi nne kinaweza kuwa na ithibati katika moja tu. Halafu soma tarehe mbili, ya kuanza na ya ukaguzi unaofuata. Ithibati humshika mhitimu kwa tarehe aliyohitimu. Aliyemaliza kabla ya tarehe ya kuanza hahesabiki kuwa amemaliza programu yenye ithibati, hata kama alifundishwa na walimu walewale. Na aliyemaliza ithibati ikiwa bado hai haipotezi, hata programu ikija kufutiwa ithibati baadaye.

Chuo kikikuambia kwamba "tuko kwenye mchakato", omba kwa maandishi tarehe ya ziara ya wakaguzi. Kama ziara imepangwa, tarehe ipo. Kisha uliza jambo moja zaidi, ambalo mwalimu wa programu nzuri atalijibu bila kufungua faili: mwaka jana mligundua nini hakiendi sawa katika masomo yenu, na mmebadilisha nini?