Neno TOWER kwenye bastola kuukuu si hati ya Livingstone

Hapa Tabora, bastola kuukuu yenye taji na neno TOWER ubavuni huambiwa mara moja ni ya Livingstone au Stanley, kwa kuwa mwaka 1872 walikaa pamoja Kwihara, karibu na hapa. Alama hiyo haitoshi. Ilikuwa ya silaha za serikali ya Uingereza, lakini mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliiga sana kwenye silaha za biashara.

Chunguza mtutu wenyewe, upande wa nyuma. Herufi E, L, G na nyota ndani ya umbo la yai maana yake ulijaribiwa Liège. Taji juu ya yai liliongezwa 1893. Pasipo taji, ni wa kabla ya hapo. Wala usikimbilie kusema uliletwa na askari wa Kibelgiji walioiteka Tabora 1916. Misafara ya pembe za ndovu ilishapandisha silaha nyingi kutoka pwani.

Bastola ya gumegume, yaani inayowashwa kwa cheche za jiwe, iliyogeuzwa kutumia fataki, kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, hubaki na kovu: matundu ya skrubu yaliyozibwa palipokuwa na kisahani cha baruti. Kovu hilo lichunguzwe peke yake, maana aliyeigeuza si lazima awe aliyeiunda. Na tafadhali, msisugue kutu kwa msasa, alama zinafutika.