Picha na Rais si risiti: dhana potofu kuhusu misaada ya maveterani na fedha za kampeni Marekani

Simu huja jioni, watu wakiwa wameketi kula. Sauti nzito ya kirafiki inasema inapiga kwa niaba ya askari waliorudi kutoka vitani bila miguu, na inaomba dola 20 tu. Ndugu zetu walioko Minneapolis, Houston au Columbus huipokea sawasawa na Wamarekani wenyewe. Nani atamnyima mlemavu wa vita dola 20? Baadhi ya simu hizo ni za kweli. Nyingine zimejenga biashara ya mamilioni, na pembeni ya biashara hiyo hawakosekani wanasiasa wanaotabasamu kwenye picha. Kisa kimoja cha Florida kinatosha kupima karibu kila kitu ambacho watu huamini juu ya uhusiano huo, ingawa nitatoka nje yake mara mbili tatu.

Dhana: Aliyepiga picha na Rais lazima ameshachunguzwa

Ybor City ni mtaa wa zamani wa viwanda vya sigara katika jiji la Tampa. Huko, katika nusu ya nyumba ya kupanga, aliishi mtu aliyejiita Bobby Thompson, ambaye alisema ni afisa wa zamani wa Jeshi la Majini. Aliendesha chama kiitwacho U.S. Navy Veterans Association, kilichoanza mwaka 2002. Kwenye karatasi chama kilikuwa na wanachama 66,000, matawi katika majimbo 41 na viongozi 85. Thompson alikuwa na picha akiwa na Rais George W. Bush, na seneta John McCain, na Karl Rove, mshauri wa Bush, na John Boehner, kiongozi wa Warepublican bungeni. Hakuna aliyezitengeneza kwa kompyuta. Zilikuwa picha halisi.

Lakini kupata picha ya namna hiyo hakuhitaji ukoo wala cheo. Kampeni huandaa chakula cha kuchangisha fedha, mwenye hundi nono anasimama kwenye foleni, mpiga picha anabonyeza, anaitwa mwingine. Walinzi wanaangalia kama umebeba silaha na kama jina lako lina doa. Jina la Thompson halikuwa na doa kwa sababu lilikuwa la mtu mwingine, raia wa kawaida aliyekuwa akiishi maisha yake upande wa pili wa nchi bila kujua lolote. Kuhesabu wanachama wa chama chako haikuwa kazi ya mlangoni. Picha ikishaning'inizwa ukutani, kila anayeitazama hudhani mwenzake ameshakagua: mchangiaji anamwamini mwanasiasa, mwanasiasa anawaamini walinzi, na walinzi wanaamini kitambulisho.

Cha ajabu ni kwamba siasa iliyompandisha ndiyo iliyomfichua. Mwaka 2009 mwandishi Jeff Testerman wa gazeti la St. Petersburg Times alikuwa akifuatilia jambo jingine kabisa: waliomchangia kamishna mmoja wa kaunti ya Hillsborough. Katika orodha akaona dola 500 zilizotoka upande wa maveterani wa majini. Akaenda kugonga mlango wa Ybor City. Baada ya hapo yeye na mwenzake John Martin wakatumia miezi kuwatafuta wale viongozi 85. Walimpata mmoja tu, Thompson mwenyewe. Anwani za matawi ziliwafikisha kwenye masanduku ya barua ya kukodi. Habari ilichapishwa Machi 2010, na kufika katikati ya mwaka huo Thompson alikuwa ametoweka.

Dhana: Fedha za msaada zililiwa na wagombea

Hii ndiyo dhana inayopendwa kuliko zote, na hesabu zake hazikai. Tangu mwaka 1954, kwa marekebisho yaliyopelekwa na seneta Lyndon Johnson, sheria ya kodi inakataza mashirika ya hisani ya kundi la 501(c)(3) kumuunga mkono au kumpinga mgombea yeyote. Kwa hiyo anayetaka kuingia siasani hupita mlango wa pili: huandika hundi kwa jina lake binafsi, au huunda kamati ya michango ya kisiasa, zile ziitwazo PAC. Thompson alifanya yote mawili. Kamati yake iliitwa NAVPAC.

Michango yake kwa wanasiasa ilizidi dola 180,000. Ni nyingi kwa mtu wa nyumba ya kupanga. Lakini waendesha mashtaka walisema chama chake kilikusanya kiasi cha dola milioni 100 nchi nzima. Ukigawanya, siasa ilipata kama senti 20 katika kila dola 100. Walaji wakubwa walikuwa kampuni za kupiga simu, pamoja na mwenye chama. Siasa ilionja tu.

Swali la maana, basi, ni kile kilichonunuliwa na hizo senti 20. Tuende Virginia. Mwaka 2009 Ken Cuccinelli alikuwa akigombea uanasheria mkuu wa jimbo hilo, na Thompson alimpa dola 55,500. Mwanzoni mwa 2010 bunge la jimbo lilipitisha mswada wa kuvisamehe vyama vya maveterani wajibu wa kujiandikisha kwenye ofisi ya kulinda watumiaji wa bidhaa na huduma kabla ya kuomba michango. Chama cha Thompson kilikuwa kimeutaka mswada huo. Seneta aliyeuwasilisha, Patsy Ticer, alipopata habari za gazeti alimwomba gavana Bob McDonnell asiusaini. Gavana akausaini. Yaani tapeli hakununua kura ya mtu hata mmoja. Alinunua kutoulizwa maswali, na bei haikufika ya gari jipya la kifahari.

Kelele zilipozidi, Cuccinelli na wengine walizitoa fedha hizo kwa mashirika mengine ya maveterani. Watu walisema "wamerudisha". Bibi aliyetoa dola 20 kwenye simu hakurudishiwa senti.

Dhana: Serikali hukagua shirika kabla ya kuliruhusu kuchangisha

Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, hupokea fomu. Majimbo mengi nayo hupokea fomu. Fomu inauliza una wanachama wangapi, unaandika 66,000. Inauliza viongozi wako, unaandika majina. Anayejaza ndiye shahidi wa alichojaza, mpaka siku mtu apate sababu ya kwenda kugonga mlango, na wagongaji ni wachache kuliko fomu.

Jina nalo hudanganya. Maneno "U.S. Navy" mwanzoni mwa jina la chama hayamaanishi kwamba Jeshi la Majini linakijua. Idara ya serikali inayohusika na maveterani, VA, ina bajeti yake inayozidi dola bilioni 300 kwa mwaka, na haipigi simu jioni kuomba dola 20.

Dhana: Ni kosa la jinai kubaki na senti 85 katika kila dola ya msaada

Hapa hata Wamarekani wasomi hushangaa. Mwaka 1988, katika kesi iliyotoka North Carolina, Mahakama Kuu ya nchi ilisema serikali haiwezi kuweka kikomo cha asilimia anayolipwa mchangishaji, kwa sababu kuomba msaada ni sehemu ya uhuru wa kusema. Ukikubaliana na kampuni ya simu ibaki na sehemu kubwa ya makusanyo, mkataba wenyewe si uhalifu.

Kisha mwaka 2003 ikaja kesi ya Illinois, safari hii ikihusu maveterani hasa. Kampuni ya simu ilichangisha kwa jina la VietNow, shirika la maveterani wa Vietnam. Kati ya 1987 na 1995 ilikusanya kama dola milioni 7.1 na kubaki na karibu milioni 6, yaani senti 85 katika kila dola, kama mkataba ulivyosema. Majaji wote tisa walikubaliana: mkataba huo hauwezi kuitwa ulaghai kwa sababu ya asilimia peke yake, lakini kumwambia mchangiaji kwamba sehemu kubwa inakwenda kwa maveterani, huku ukijua haiendi, ni ulaghai na jimbo linaweza kukushtaki. Kosa ni uongo. Ulafi wenyewe unavumiliwa.

Ukishalielewa hilo unaelewa kwa nini wakaguzi husubiri mpaka wakushike ukisema uongo. Julai 2018 Tume ya Biashara ya serikali kuu na majimbo walitangaza hatua zaidi ya 100 dhidi ya misaada bandia ya maveterani. Mojawapo ilihusu Help the Vets ya Florida, iliyokusanya zaidi ya dola milioni 20 kati ya 2014 na 2017. Tume ilisema karibu asilimia 95 iliishia kwa wachangishaji, uendeshaji na mwanzilishi wake. Mwaka 2021 ikaja zamu ya kampuni ya simu ya Michigan iliyopiga simu bilioni 1.3 na kukusanya zaidi ya dola milioni 110 kwa majina ya mashirika mbalimbali, ya maveterani yakiwemo. Mara nyingine mashirika hayo yalibaki na senti 10 tu katika kila dola.

Dhana: Fedha zikifika kwa maveterani, hakuna kosa

Tarehe 28 Januari 2016 Donald Trump alisusa mdahalo wa televisheni na badala yake akafanya harambee ya maveterani mjini Des Moines, Iowa, siku chache kabla ya kura za awali za jimbo hilo. Fedha zilipatikana, na kama dola milioni 2.8 zilipitia mfuko wake wa hisani. Mwandishi David Fahrenthold wa Washington Post alitumia miezi akiuliza zimekwenda wapi. Hundi ya dola milioni moja ambayo Trump alikuwa ameiahidi kutoka mfukoni mwake ilitoka Mei, baada ya maswali hayo.

Novemba 2019 jaji Saliann Scarpulla wa New York alimwamuru Trump alipe dola milioni 2. Na katika uamuzi huohuo alikiri kwamba fedha za Iowa hatimaye ziliwafikia maveterani. Kosa lilikuwa nani aliyeshika usukani. Kampeni ndiyo iliyoandaa harambee, kampeni ndiyo iliyoamua nani apewe hundi na lini, na hundi zikagawiwa kwenye mikutano ya kuomba kura. Mfuko wa hisani uligeuzwa pochi ya kampeni. Hisani kwa sheria ile ina mwenyewe, na mwenyewe si mgombea.

Dhana: Ni tabia ya chama kimoja

Thompson aliwachangia zaidi Warepublican, ni kweli. Ticer alikuwa Mdemokrati. Na mwaka 2013 Florida ilipotikiswa na Allied Veterans of the World, mtandao wa vibanda vya intaneti vilivyodaiwa kuendesha kamari kwa jina la maveterani, wanasiasa wa pande zote mbili walikutwa na michango yake. Naibu gavana Jennifer Carroll, aliyewahi kuwa mshauri wa mtandao huo, alijiuzulu Machi mwaka huo. Hakushtakiwa. Hata wakili aliyehukumiwa katika kesi hiyo alishinda rufaa baadaye, jambo ambalo waliokwisha kumzomea hawakulisikia.

Dhana: Angalau alikuwa mwanajeshi

Aprili 2012 maafisa wa serikali kuu walimkamata Thompson mjini Portland, Oregon. Kwenye stoo aliyokodi walikuta sanduku lenye kama dola 980,000 taslimu pamoja na vitambulisho vya majina tofauti. Alikataa kutaja jina. Kwenye karatasi za polisi alitia saini "Mr. X", na kwa miezi kadhaa jimbo la Ohio lilikuwa na mahabusu asiye na jina.

Alama za vidole zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu za jeshi ndizo zilizomtaja. Aliitwa John Donald Cody, mhitimu wa sheria wa Harvard, aliyekuwa akitafutwa tangu miaka ya 1980 kwa tuhuma za kuiba fedha za wateja wake huko Arizona. Jeshi la Majini halikuwahi kuwa naye. Lakini aliwahi kuwa kapteni wa ujasusi katika Jeshi la Nchi Kavu, kwa hiyo mtu aliyejifanya veterani wa uongo alikuwa, kumbe, veterani wa kweli. Alichokiona hakitoshi ni ukweli wake.

Kesi iliendeshwa Cleveland, kwa kuwa Ohio ndiyo iliyoamua kumshtaki kwa niaba ya wachangiaji wake. Desemba 2013 alihukumiwa miaka 28 na faini ya dola milioni 6. Upande wa utetezi ulitaka baadhi ya wanasiasa waitwe kutoa ushahidi, na jaji akakataa. Hakuna hata mmoja wa wale waliotabasamu kwenye picha aliyepanda kizimbani kueleza alidhani anamshika nani mkono.