Tai mwenye taji na mtarakwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wakazi wengi wa nyanda za juu za Kenya humjua tai mwenye taji kwa mlio wake juu ya msitu, na mtarakwa kwa nguzo za ua, lakini mengi yanayosemwa juu yao si kweli.

Inadhaniwa kwamba miti yote yenye koni, yaani vibeba mbegu vyenye magamba, ililetwa na wakoloni. Dhana hii inatokana na mashamba ya saiprasi na misonobari, miti yenye asili ya Mexico. Mtarakwa, unaoitwa pia mwangati, ni wa kwetu: huota tangu milima ya Uarabuni hadi Zimbabwe. Wapo wanaokana kwamba una koni, kwa kuwa wanachokiona ni vitunda vya samawati iliyokolea. Ukikiminya kimoja kwa vidole utakuta nyama yenye utomvu na mbegu chache ngumu. Hiyo ndiyo koni yenyewe, ambayo magamba yake yameungana na kulainika, na ndege huila na kuzisambaza mbegu.

Kuhusu jinsia, tai mkubwa zaidi kiotani hudhaniwa kuwa dume, kumbe ni jike. Mtarakwa nao, kwa kawaida, una miti dume na miti jike, na dume hutoa chavua tu. Kwa hiyo mkulima anayebakiza mti mmoja akitumaini mbegu huenda amebakiza dume.

Dhana inayodhuru kuliko zote ni kwamba viumbe wenye nguvu hivi hujirudisha upesi. Tai huyu, asiyefika kilo 5, huweza kuua mnyama mzito kuliko yeye, na huwinda hasa kima, perere na paa wadogo. Hata hivyo jozi moja hulea kinda mmoja, na humlisha miezi mingi hata akishaanza kuruka, kiasi kwamba mara nyingi huzaa mara moja tu kwa miaka miwili. Mtarakwa hukua polepole. Mafuta ya kiini chake chekundu, yanayonukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi, huufanya usiliwe kwa urahisi na mchwa, na ndiyo sababu umekatwa mno kwa nguzo; umekatwa pia kwa penseli.

Kiota cha tai huyu, ambacho upana wake waweza kupita mita 2, hujengwa kwenye panda ya mti mkubwa na kutumiwa tena mwaka baada ya mwaka. Mti huo ukikatwa, mche wa mtarakwa utakaopandwa mahali pake utahitaji miongo kadhaa kabla ya kuweza kubeba mzigo kama huo.