Shuka Chini ya Daraja: Tunachokitafuta Tunapokagua Madaraja ya Dar es Salaam

Ukitaka kujua hali ya daraja, usilitazame ukiwa barabarani. Juu utaona lami, mistari na vyuma vya pembeni vilivyopakwa rangi, na vyote hivyo vinaweza kupendeza kwenye daraja linaloumwa. Shuka chini. Huko ndiko sisi wahandisi wa madaraja tunakofanyia sehemu kubwa ya kazi yetu, tukiwa na buti, kurunzi, nyundo ndogo na kalamu ya rangi.

Dar es Salaam ni jiji la mito, ingawa wengi wetu tumelisahau hilo kwa sababu kiangazi mito yetu hufanana na mitaro. Msimbazi pekee una urefu wa kama kilomita 35, kutoka vilima vya Pugu hadi baharini pale Selander, na njiani unapokea maji ya Luhanga, Sinza na Ng'ombe. Upande wa Temeke kuna Kizinga na Mzinga, na kaskazini kuna Mbezi, Tegeta na Mpiji. Huwezi kwenda mbali katika jiji hili bila kuvuka maji. Madaraja makubwa kila mtu anayajua: Daraja la Nyerere kule Kigamboni, mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016, na Daraja la Tanzanite, lenye zaidi ya kilomita moja, lililoanza kutumika mwaka 2022. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye madaraja yasiyo na jina, yale ya mita 8 au 15 huko mitaani, na makalavati ambayo dereva hajui hata kama ameyavuka. Hayo ndiyo yanayobeba watoto wa shule na malori ya mchanga kwa pamoja, na mengi yalijengwa wakati mtaa ulikuwa na nyumba chache na mikorosho.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mvua ikinyesha juu ya mikorosho, maji mengi huzama ardhini. Ikinyesha juu ya mabati, sakafu za saruji na lami, karibu yote hukimbilia mtoni kwa pamoja, ndani ya saa moja au mbili. Kwa hiyo mvua inaweza kuwa ileile ya miaka ya nyuma, na daraja lilelile, lakini maji yanayotaka kupita chini yake yameongezeka sana. Desemba 2011 jiji lilipoteza watu wapatao 40 kwa mafuriko. Na pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa mara kwa mara kila Msimbazi unapojaa, mabasi ya mwendokasi yakalazimika kubadili njia. Ndiyo maana daraja jipya la Jangwani limesanifiwa liwe na urefu wa mita 390. Mto unapewa nafasi ambayo daraja la zamani halikuwa nayo.

Maji yanayokula msingi

Watu wakisikia daraja limeanguka, hufikiri limezidiwa na uzito. Hutokea, lakini adui mkubwa ni maji yanayochimbua udongo kwenye miguu ya nguzo. Maji yakikutana na nguzo hugawanyika, na sehemu yake huzama kwenda chini kwa kujizungusha, yakichota mchanga kama mtu anayechimba kwa mikono miwili. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma mawe haiongezeki mara mbili tu. Kwa kanuni ya zamani ya elimu ya mito, uzito wa jiwe linaloweza kusukumwa huongezeka kama mara 64. Ndiyo maana mto uliokuwa mpole kwa miezi tisa unaweza kuchimba shimo la kina cha mtu mzima kwa usiku mmoja.

Jambo moja ningependa kila mwenyekiti wa serikali ya mtaa alijue. Shimo hilo likishachimbwa, mafuriko yanapopungua hujaa tena mchanga. Asubuhi ukienda kuangalia unaona sakafu ya mto imetulia, nguzo imesimama, unashukuru Mungu na kuruhusu magari. Lakini mchanga ule ni laini, haujashindiliwa, haushikilii kitu. Kwa hiyo baada ya mafuriko makubwa hatuamini macho. Tunachoma fimbo ndefu ya chuma kuzunguka nguzo. Ikizama kwa urahisi kupita usawa wa msingi, daraja linafungwa, hata kama foleni itafika wapi. Mwaka 1987, katika jimbo la New York nchini Marekani, daraja la Schoharie Creek lilianguka kwa sababu hii ya kuchimbuliwa msingi, na watu 10 walifariki.

Kwetu kuna kinachoharakisha jambo hili, nacho ni uchimbaji wa mchanga mtoni. Nalisema nikijua kwamba vijana wengi wanakula kwa beleshi, na kwamba nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mchanga huohuo. Mto una hesabu yake: mchanga unaoshuka kutoka juu hulipia ule unaoondoka. Ukichimba shimo, maji yanatumbukia ndani yake kama yanashuka ngazi, na yanakula ukingo wa juu wa shimo. Ukingo ule unasogea. Kila mvua unapanda mto kidogo, hadi siku moja ngazi ile inafika darajani. Mchimbaji alikuwa mita 300 kutoka darajani, upande mto unakoelekea, na anaapa hajaligusa, naye anasema kweli, ila shimo lake limetembea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwa daraja mimi ningetaka umbali mkubwa zaidi.

Maji yanayokaa juu

Kuna maji mengine, haya hayana kelele. Ni yale yanayotuama juu ya daraja kwa sababu paipu za kuyatoa zimeziba.

Niliwahi kukagua daraja dogo la mtaani, sitalitaja. Juu kulikuwa na dimbwi lililodumu siku nyingi, waendesha bodaboda walikuwa wamezoea kulikwepa. Tulichokitoa kwenye paipu moja ni mchanga uliogandamana, vifuniko vya chupa, mfuko wa plastiki na fungu la nywele bandia. Lilipotoka lile fungu, dimbwi likaanza kuzunguka na kushuka lenyewe. Kisha tukashuka chini kutazama ubavu wa boriti. Kulikuwa na doa la kahawia refu kama mkono, na katikati yake ufa unaofuata mstari wa nondo. Kazi ya kuzibua ile paipu ilichukua watu wawili, koleo moja na nusu saa. Kukarabati boriti ile ni kazi ya miezi, kwa fedha ambazo mtaa hauna.

Nondo ikiwa ndani ya zege zuri haishiki kutu. Maji na chumvi vikifika, kinga hiyo hupotea, na sisi tunaishi kando ya bahari, upepo wenyewe unabeba chumvi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke na kubanduka. Hiyo ndiyo kazi ya ile nyundo ndogo. Zege zima ukiligonga hutoa sauti kali ya jiwe. Zege lililoachana na nondo hulia kama chungu chenye ufa, na hapo tunazungushia kalamu.

Msidhani ni shida ya nchi maskini. Asubuhi ya tarehe 28 Januari 2022, mjini Pittsburgh, Marekani, daraja la Fern Hollow lilianguka likiwa na basi na magari madogo juu yake. Kwa neema hakuna aliyefariki. Wachunguzi walikuta miguu ya chuma imeliwa na kutu kwa sababu mifereji ya maji ilikuwa imeziba, maji na uchafu vikakaa juu yake miaka mingi. Ripoti za ukaguzi zilikuwa zimeshauri marekebisho mara nyingi, na hayakufanyika. Nikiisoma habari ile huwa nakumbuka lile fungu la nywele.

Ukarabati usioponya

Nina uchungu na plasta. Zege likibanduka, mtu mwenye nia njema hulisawazisha kwa saruji na mchanga, anapaka chokaa, daraja linang'aa. Niligonga nguzo moja ya namna hiyo, bamba zima likaanguka miguuni pangu, na nondo iliyokuwa ya milimita 16 ilibaki nyembamba kama penseli. Ukarabati wa kweli ni kubomoa zege bovu mpaka nyuma ya nondo, kusugua kutu yote hadi chuma king'ae, kuongeza nondo pale zilipoliwa, ndipo lijazwe zege jipya linaloshikana na la zamani. Na kabla ya yote, kuzuia maji yaliyoleta ugonjwa.

La pili ni lami juu ya lami. Daraja la urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, ukiliongezea tabaka la sentimita 5, umelibebesha mzigo wa kama tani 23, sawa na lori lililojaa mchanga likiegeshwa hapo usiku na mchana, miaka yote. Lami ya zamani ikwanguliwe kwanza. Na tusisahau wanaofungua nati za vyuma vya pembeni na kwenda kuviuza kama chuma chakavu. Siku gari litakapoteleza, hapatakuwa na cha kulizuia.

Unachoweza kukiona wewe

Simama mwanzo wa daraja, fumba jicho moja, tazama mstari wa vyuma vya pembeni kama fundi seremala anavyotazama ubao. Mstari ukipinda au kuzama mahali ambapo hapakuwa hivyo mwaka jana, kuna mguu umeshuka. Angalia lami inapokutana na daraja. Bonde jipya hapo lina maana udongo wa nyuma ya ukuta unaondoka. Sikiliza pia lori likipita, maana mgongano mpya wa chuma au zege mahali palipokuwa kimya ni habari. Piga picha, weka rula au hata kandambili kando ya ufa ili ukubwa uonekane, andika tarehe, mpelekee mtendaji wa mtaa kwa barua yenye nakala. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania.

Maji yakiwa yanapita juu ya daraja, usivuke. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kuinua gari dogo, na 60 hubeba magari mengi. Isitoshe, chini ya maji yale huwezi kujua kama daraja bado lipo.

Kama unaishi jirani na daraja, huenda ukaona ukutani mistari midogo ya kalamu nyekundu inayokatiza ncha za ufa, na tarehe pembeni. Ni sisi tuliochora. Tunarudi baada ya masika kuona kama ufa umevuka mstari. Usipovuka, tunapumua. Ukivuka hata kwa sentimita mbili, tunajua daraja linasogea. Tafadhali msiifute, wala msipake rangi juu yake.